Namna ya Kuisoma Ndege ya Me 262

Picha moja ya Messerschmitt Me 262 inaweza kuzunguka mitandaoni ikiwa na maelezo manne yanayopingana. Mmoja ataiita Schwalbe, mwingine Sturmvogel, wa tatu atasema ni A-1a, wa nne atashikilia kuwa ni A-2a. Ukiwasikiliza kwa makini utakuta kila mmoja ana sababu yake, na wakati mwingine wote wana sehemu ya ukweli. Hii ndiyo ndege ya kwanza ya jeti kuingia vitani kama ndege ya kivita. Ujerumani iliipeleka mapambanoni katikati ya mwaka 1944, na tangu hapo imeandikwa kuliko ndege nyingi za Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, watu wengi huijua kwa jina la toleo peke yake, na hapo ndipo wanapopotea.

Jina la toleo linakueleza kiwanda kilikusudia nini. Rangi na herufi zinakueleza kikosi kilichoipokea. Umbo lenyewe, hasa pua, linakueleza ndege ilikuwa ikifanya kazi gani siku picha ilipopigwa. Mambo haya matatu hayakukubaliana kila mara. Kwa maoni yangu, pale yanapogongana ndipo tunapoiona vita jinsi ilivyokuwa: amri zilizobadilika, malighafi zilizoadimika, na jeshi lililokuwa likishindwa huku likiendelea kupaka rangi.

Ndege iliyoisubiri injini

Tuanze na kisa cha mabawa, kwa sababu kinarudiwa vibaya kila siku. Mabawa ya Me 262 yameelekezwa nyuma kwa nyuzi 18.5 hivi, na wengi huamini kwamba wahandisi wa Messerschmitt walikuwa tayari wametatua siri ya kuruka karibu na kasi ya sauti. Sababu halisi ilikuwa ya kawaida zaidi. Injini za jeti zilitoka nzito kuliko ilivyopangwa, kitovu cha uzito kikahama, na njia rahisi ya kukirudisha mahali pake ilikuwa kuyasogeza mabawa nyuma. Manufaa ya kasi yalikuja kama nyongeza.

Tatizo la injini liliitesa ndege hii tangu mwanzo hadi mwisho. Kiwiliwili kilikuwa tayari kabla ya injini kupatikana, hivyo tarehe 18 Aprili 1941 ndege ya majaribio ya kwanza iliruka kwa injini ya kawaida ya pistoni, Jumo 210, iliyofungwa puani pamoja na propela yake. Tarehe 25 Machi 1942 ikafungwa jeti mbili za BMW 003 chini ya mabawa. Zote mbili zikazima muda mfupi baada ya kupaa, na rubani Fritz Wendel akatua kwa msaada wa ile pistoni ya puani, ambayo kwa bahati haikuwa imeondolewa. Ni tarehe 18 Julai 1942, huko Leipheim, ndipo ndege ya majaribio ya tatu iliporuka kwa jeti tupu, mbili za Jumo 004.

Picha za kipindi hicho zinaonyesha ndege iliyokaa juu ya gurudumu la mkia, pua ikitazama angani. Wengine huliita toleo la pekee. Si toleo. Herufi V iliyo kwenye majina kama V1 na V3 ni ya neno la Kijerumani la majaribio, na gurudumu la mkia liliachwa kwa sababu nzito: ndege ikiwa imeinamisha mkia, vidhibiti vya mkiani havikupata upepo wa kutosha kuunyanyua. Wendel alilazimika kukanyaga breki kidogo akiwa katikati ya mbio za kupaa ili mkia uinuke. Rubani wa kawaida kikosini asingeweza kuombwa kufanya hivyo kila siku. Kuanzia V5 gurudumu likahamia puani, na kuanzia V6 likawa linakunjwa ndani.

Herufi za kiwandani

Baada ya majaribio zinakuja herufi na namba ambazo huwachanganya watu, ingawa mpangilio wake ni wa moja kwa moja. Herufi kubwa inataja familia: A ni ya kiti kimoja, B ni ya viti viwili. Namba inayofuata inataja kazi. Herufi ndogo ya mwisho, ambayo wengi huipuuza, inataja injini: a kwa Jumo 004 na b kwa BMW 003. Kwa kuwa karibu ndege zote zilizofika vitani zilikuwa na Jumo, karibu zote zinaishia na a. Kisha mstari wa mkwaju na U vinaonyesha seti ya mabadiliko yaliyofungwa kiwandani juu ya ndege ambayo tayari ina jina lake.

Kwa hiyo A-1a ni ndege ya kushambulia ndege nyingine, Schwalbe, yaani mbayuwayu. Puani ina mizinga minne ya MK 108 yenye kipenyo cha milimita 30, miwili ya juu ikibeba risasi 100 kila mmoja na miwili ya chini 80. A-2a ni Sturmvogel, ndege wa dhoruba, iliyokusudiwa kubeba mabomu mawili ya kilo 250. Chini ya pua yake kuna vishikio viwili vya mabomu ambavyo Wajerumani walivibatiza jina la jahazi za Waviking kwa jinsi vilivyochongwa. Mizinga miwili ya juu iliondolewa na matundu yake yakafunikwa.

Ungedhani basi kwamba kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja: hesabu matundu, angalia vishikio. Tatizo ni kwamba A-1a nyingi nazo zilifungwa vishikio hivyo huku zikibaki na mizinga yote minne. Ukiona vishikio pekee, bado hujaijua ndege. Ukiona matundu mawili tu, umekaribia. Ni vizuri kuviona vyote viwili, na hata hapo uulize namba ya kiwandani.

Mkanganyiko huo una jina la mtu ndani yake. Tarehe 26 Novemba 1943, katika maonyesho ya ndege huko Insterburg, Hitler aliuliza kama ndege hii ingeweza kubeba mabomu, akajibiwa kuwa inaweza. Mei 1944 alipogundua kwamba kiwanda kilikuwa kikiunda za kupigana angani, aliamuru zote ziwe za mabomu, na amri hiyo ikalegezwa miezi kadhaa baadaye. Baada ya vita majenerali wengi walimbebesha yeye mzigo wote wa kuchelewa kwa Me 262. Binafsi naona maelezo hayo yanawapendelea wanaoyatoa. Jumo 004 ilikuwa haijatulia kwa uzalishaji mkubwa hadi mwaka huohuo wa 1944. Nikeli na kromi zilikuwa adimu, sehemu za moto zikatengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu, na injini ikawa inadumu saa kumi hadi ishirini na tano tu kabla ya kufunguliwa au kutupwa. Hata amri ya Hitler isingekuwepo, ndege zisizo na injini zisingeruka.

Pua inasema zaidi

Kiwiliwili cha Me 262 kiliundwa kwa vipande, na pua ilikuwa kipande kinachojitegemea. Ndiyo maana matoleo mengi yanaishia hapo. A-1a/U3 ni ya upelelezi: mizinga imeondolewa ili kamera mbili kubwa zipate nafasi, na kwa kuwa kamera zilizidi upana wa pua, mabati ya juu yamevimba pande zote mbili mbele ya kioo cha rubani. Uvimbe huo ukiuona mara moja hutausahau. A-2a/U2 ilipewa pua ya mbao yenye vioo, ndani yake mtu wa pili akilala kifudifudi kulenga mabomu. A-1a/U4 ilibeba mzinga mmoja wa milimita 50 uliochomoza mbele mithili ya mlingoti uliolazwa, na zilifanyiwa majaribio ndege mbili tu.

Ukiwa bado karibu na picha, tazama mdomo wa injini. Katikati ya ile koni ya mbele kuna tundu dogo, na ndani yake kishikio cha kuvuta. Humo mlifichwa injini ndogo ya petroli ya silinda mbili iliyobuniwa na Norbert Riedel, yenye nguvu za farasi kumi hivi, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kuizungusha jeti hadi iwake. Umeme ukigoma, fundi alisimama mbele ya mdomo wa jeti akavuta kamba kwa mkono. Nimeona picha zinazoandikwa chini yake kwamba hicho ni kihisio au silaha ya siri. Ni kiwashio tu.

Toleo la viti viwili, B-1a, lilizaliwa kwa sababu ya mafunzo. Marubani waliozoea propela walikuwa wakisukuma mkono wa mafuta kwa haraka, na Jumo 004 ikifanyiwa hivyo ilizima au kuwaka moto. Mwalimu alihitaji kukaa nyuma. Kisha ndege hizohizo za mafunzo zikageuzwa za usiku, B-1a/U1: kiti cha nyuma kikapewa mtu wa rada, puani zikachomoza antena za rada ya Neptun ambazo Wajerumani waliziita pembe za mnyama paa, na matangi mawili ya ziada yakaning'inizwa chini kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimekula nafasi ya mafuta. Antena zilipunguza kasi, lakini gizani rubani asiye na rada alikuwa kipofu.

Rangi, namba na herufi

Sasa tuingie kwenye alama, na hapa ndipo penye utamu kwangu.

Ndege moja ya Kijerumani ilikuwa na vitambulisho vya aina mbili ambavyo havihusiani. Cha kwanza ni namba ya kiwandani, Werknummer, ya tarakimu sita, iliyoandikwa kwa kawaida kwenye bawa la wima la mkia. Cha pili ni alama ya kikosi ubavuni. Wanaojua daladala wataelewa upesi: kuna namba ya chasisi isiyobadilika, na kuna maandishi ya ubavuni yanayobadilika kila gari linapouzwa. Mtu akikuambia historia ya ndege kwa kufuata alama ya ubavuni peke yake, anaweza kuwa anasimulia ndege mbili au tatu kama moja.

Alama za ubavuni nazo zilikuwa na mifumo miwili. Vikosi vya kupigana angani vilitumia namba moja kubwa yenye rangi. Rangi ilitaja Staffel, kikosi kidogo cha ndege kumi na kitu: nyeupe kwa cha kwanza katika kundi, nyekundu au nyeusi kwa cha pili, njano kwa cha tatu. Ndiyo maana marubani wanatajwa na "Nyeupe 8" au "Njano 3". Ndege ambayo rubani wa Kijerumani Walter Nowotny aliuawa ndani yake tarehe 8 Novemba 1944 karibu na Achmer ilikuwa Nyeupe 8, Werknummer 110400. Kanuni hii ilikuwa ya kabla ya machafuko. Mwanzoni mwa 1945 vikosi vilikuwa vinavunjwa na kuunganishwa, na rangi hazikufuata tena utaratibu wa vitabuni.

Vikosi vya mabomu vilitumia herufi na tarakimu nne zilizogawanywa na msalaba. Chukua ndege iliyo katika Jumba la Kumbukumbu ya Vita la Australia, Canberra: ni A-2a, Werknummer 500200, na alama yake ni 9K+XK. Herufi 9K ni za Geschwader (kikosi kikubwa chenye Staffel nyingi ndani yake) ya 51 ya mabomu, iliyojulikana kwa nembo ya ua la edelweiss. X ni ndege yenyewe. K ya mwisho ni Staffel ya pili. Kwa hiyo kabla hujahesabu matundu ya mizinga, alama peke yake imeshakuambia kwamba ndege hii ilikuwa mikononi mwa watu wa mabomu. Hapo nakushauri uanze na ubavu, kisha uende puani. Wengi hufanya kinyume.

Juu ya hayo kulikuwa na nembo na tepe. Geschwader ya 7, JG 7, ndiyo iliyokuwa kikosi kikubwa cha Me 262 za kupigana angani. Ilichora mbwa wa mbio ubavuni mwa pua, na nyuma ya kiwiliwili ikavishwa tepe mbili, ya bluu na nyekundu. Tepe hizo zilikuwa sehemu ya mpango wa ulinzi wa anga la Ujerumani, ambapo kila Geschwader ilipewa rangi zake ili ijulikane kwa mbali na wenzake.

Kujulikana na wenzako halikuwa jambo dogo. Jeti hizi zilikuwa na kasi ya hadi kilomita 870 kwa saa, lakini wakati wa kutua zilikuwa taratibu na injini zake hazikuitikia upesi. Marubani wa Marekani na Uingereza walilijua hilo, wakawa wanavizia karibu na viwanja. Jenerali wa Kijerumani Adolf Galland alipounda kikosi chake cha jeti cha JV 44, kilichohamia Munich-Riem mwaka 1945, ziliwekwa ndege za propela za Fw 190 D kuzilinda jeti zikipaa na kutua. Tumbo la Fw 190 hizo lilipakwa rangi nyekundu yenye mistari myeupe, mwonekano wa kelele katika vita ambavyo kila mtu alikuwa akijificha. Walengwa wa rangi ile walikuwa wapiga mizinga wa Kijerumani waliokuwa chini, ambao kufikia wakati huo walikuwa wakifyatua kila kilichopita juu yao.

Waingereza walikuwa na hofu hiyohiyo kwa upande wao. Skwadroni ya 616 ilipopeleka jeti zake za Gloster Meteor Ubelgiji mapema mwaka 1945, zilipakwa rangi nyeupe mwili mzima, kwa kuwa wanajeshi wa ardhini walikuwa wameshazoea kwamba ndege isiyo na propela ni ya adui. Meteor nyeupe ukiikuta kwenye picha, usitafute theluji.

Viwanda vya msituni na rangi zisizolingana

Kuna Me 262 ambazo mkia ni wa rangi moja, kiwiliwili cha nyingine, na injini hazijapakwa kabisa. Wachoraji wa ndege wamebishana miaka mingi kuhusu vivuli vya kijani na kahawia vya ndege hizi. Naona mabishano hayo husahau mahali ndege zilikotengenezwa. Baada ya viwanda vikubwa kupigwa mabomu, kazi ilitawanywa. Huko Kuno, karibu na Leipheim, ndege ziliunganishwa msituni na kupaa kutoka kwenye barabara kuu ya magari. Kila kipande kilifika kimepakwa na mtu mwingine, kwa rangi iliyopatikana wiki ile.

Na wapo waliovitengeneza vipande hivyo. Huko St. Georgen an der Gusen, Austria, viwiliwili vya Me 262 viliundwa ndani ya mahandaki na wafungwa wa kambi ya mateso ya Gusen, na handaki lenyewe lilichimbwa na wafungwa. Maelfu walikufa. Huko Kahla, Ujerumani, watu waliolazimishwa kufanya kazi walihenyeshwa vivyo hivyo ndani ya mlima. Haiwezekani kuongea kwa uaminifu kuhusu umalizio wa mabati ya ndege hii bila kuwataja watu hao, maana jeti zaidi ya 1,400 zilitoka katika mfumo huo, na mia chache tu kati yake ndizo zilizopigana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ndege ambayo haikupakwa kabisa. Mwishoni mwa Machi 1945, Hans Fay, rubani wa majaribio wa Messerschmitt, aliondoka na ndege mpya Werknummer 111711 na badala ya kuipeleka alikoagizwa akaitua mbele ya Wamarekani katika uwanja wa Rhein-Main, Frankfurt. Picha zake zinaonyesha bati tupu, na juu ya maungio mistari ya kijivu ya lipu iliyopakwa kuziba nyufa ili upepo upite laini. Haikuwa na namba ya kikosi kwa sababu haikuwa imefika kikosini. Ndege zilizopakwa rangi nazo zilikuwa hivyo chini ya rangi yao.

Walipobadilisha wamiliki

Vita vilipokwisha, tabaka jingine la alama likaanza. Kundi la Kanali Harold Watson wa Marekani lilikusanya jeti huko Lechfeld, likazipa majina ya Kimarekani na kuzisafirisha kupitia Cherbourg ndani ya meli ya HMS Reaper. Ile yenye mzinga wa milimita 50 iliandikwa Wilma Jeanne, jina likafutwa likawa Happy Hunter II, kisha injini ikaiharibikia njiani kabla haijafika Cherbourg, na rubani Ludwig Hofmann akaruka kwa mwavuli. Huko Chekoslovakia kampuni ya Avia iliunganisha vipande vilivyosalia ikapata ndege chache zilizoitwa S-92 na CS-92. Ni Me 262 zilezile, A na B, zikiwa na pasipoti mpya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Me 262 halisi iliyo karibu kuliko zote ipo Johannesburg, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kijeshi lililoko Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama. Ni B-1a/U1, Werknummer 110305, inayojulikana kama Nyekundu 8. Ilikuwa ya kikosi cha usiku cha NJG 11, ikakabidhiwa kwa Waingereza huko Schleswig mwaka 1945, ikapewa namba yao ya VH519, kisha mwaka 1947 ikaletwa Afrika Kusini. Ndiyo ndege pekee ya usiku ya Me 262 iliyosalia duniani. Ukifika, anza na namba nyekundu ubavuni, ambayo ni ya mtindo wa vikosi vya kupigana angani ingawa ndege ina viti viwili. Kisha nenda mbele ukahesabu pembe za rada.